Mawe ya kaburi la baba Chacha

Mawe hayaondoki, na Chacha mwanangu nimemwambia hivyo mbele ya mzee wa kanisa.

Bhoke mkwe wangu, andika kama ninavyosema, usinirekebishe.

Asubuhi Chacha kaja na mkokoteni apakie mawe ya kaburi la baba yake, wakajengee msingi wa kanisa.
Kanisani naenda, na kwaya naimba. Lakini mume wangu naongeaga naye pale kwenye mawe.

Mara akapita mama mmoja mgeni, katoka Sri Lanka, kaja Mugumu kuangalia wanyama.
Akavua viatu. Akaunganisha mikono, akalizunguka kaburi pole pole.
Chacha kakumbatia jiwe kama mtoto mchanga, hajui aliweke wapi.

Dereva wa mgeni akatuambia, kwao Wabudha wanajenga kilima juu ya mifupa ya mwalimu wao, wanakiita stupa. Wanakizunguka hivyohivyo wakisali.

Mzee wa kanisa akasema, "Mama, haya ni mawe tu."
Nikamwambia, "Na huo msingi wako ungejenga na maboga?"

Nyie mnaosoma, mngekubali?

Ngoja, naitwa. Chacha anauliza jiwe alirudishe upande gani.