Njia ya Kwa Mama wa Kiplombe

Mimi niliacha shule darasa la tano, na kulisema sioni haya. Wengi walionishinda darasani leo wananiletea baiskeli niwatengenezee breki, na wananiita mkubwa. Nilianza kwa kubeba mkate kwa baiskeli, kutoka Langas mpaka vibanda vya Kiplombe, tope likifika magoti. Leo nina duka langu, nina mafundi wawili chini yangu, na kila Jumamosi natoka na kikundi changu cha baiskeli za milimani: watu wa ofisi, mawakili, na daktari mmoja. Wote walikuwa wakinifuata nyuma, maana vinjia vya huku nje ya Eldoret hakuna aliyevijua kama mimi.

Njia iliyonipa jina ilipita ndani ya shamba la mama mmoja wa Kiplombe. Unaacha barabara, unapita nyuma ya zizi lake, unateremka katikati ya miti mpaka kijito, unavuka kwa magogo mawili, halafu unapanda mpaka moyo unataka kutoka. Haikuwa barabara ya serikali. Ilikuwa ruhusa tu, niliyopewa enzi za mkate. Ukifika kwa geti unashuka. Unasukuma baiskeli mpaka mlangoni, unasalimia, unauliza habari ya ng'ombe, unaacha mkate. Naye anasema, "Pita, mwanangu, lakini funga geti, hawa ng'ombe wasiniingilie kwa mahindi." Kikundi changu nilikifunza hivyo hivyo. Hata daktari alishuka.

Mwaka jana wakasema tunahitaji GPS kama vikundi vingine. Kazi ya kuchagua wakaniachia mimi, na ningekataa vipi? Nilienda mjini na binti yangu, ambaye ni karani na simu anazielewa. Muuzaji akatuonyesha kifaa kidogo kama kiberiti, cha kufunga kwa usukani. Mvua hakiogopi, chaji inakaa kutwa, mtandao hakihitaji. Kwa kweli ndicho kilikuwa kitu cha maana, na mtu wa vyuma kama mimi nilikiona mara moja. Lakini binti akanionyesha pia apu ya simu.

"Baba, kwa hiki kidude njia inabaki kwako. Hii apu, usipoizuia, kila mtu anaona pale umepita."

"Kila mtu?"

"Hata aliye Nairobi."

"Na inaandika ni mimi?"

"Inaandika. Na ukiwa wa kasi kuliko wote kwa hiyo njia, inakuwekea taji."

Nikamwambia aweke hiyo.

"Kuna pale pa kufunga isionekane, nikufungie?"

"Nifiche nini? Mimi ni mwizi?"

Kikundi nikakiambia kile kifaa ni cha kizamani. Wakaniamini, kwa sababu ni mimi nimesema.

Shida ikawa ile salamu. Saa ya apu haisimami ukisimama kuuliza habari ya ng'ombe. Kila mara nikipita kwa Mama, jina langu linaanguka chini ya mawakili wangu mwenyewe, ambao walikuwa wakiruka kusalimia wakati nimewapa mgongo. Basi asubuhi moja nilienda peke yangu. Geti lilikuwa wazi, Mama alikuwa zizini anakamua. Niliinama juu ya usukani nikapita kama jiwe lililorushwa. Nilimwona kwa pembe ya jicho ameinua mkono. Nikajiambia nitarudi kumweleza. Jioni nikapata taji. Watu wakanipigia simu, hata niliowasahau.

Sikurudi kumweleza. Nalo taji lilikaa kwangu wiki mbili tu. Likachukuliwa na mtu nisiyemjua, halafu na mwingine. Vikundi vikaanza kuja, vya Cheptiret, vya Nakuru, vikifuata ule mstari kwa simu. Mstari hauonyeshi geti wala mwenye shamba. Siku moja wakaliacha wazi, na ng'ombe wa maziwa wa Mama, yule mmoja aliyekuwa akimtegemea, akaingia kwa mahindi mabichi. Alikula mpaka akavimba tumbo, akafa kabla daktari wa mifugo afike.

Mimi sikuwa na habari. Jumamosi nilifika na watu wangu, nikashuka, mkate mkononi. Geti lilikuwa na mnyororo, na seng'enge mpya imevutwa mpaka kwa miti. Mama akatoka akasimama upande wake wa seng'enge, akanieleza geti lilivyoachwa wazi na ng'ombe alivyokufa.

"Mama, hao hawakuwa watu wangu."

"Mmoja nilimsimamisha. Akanionyesha simu, akanisomea jina la aliyeiweka njia. Ni lako."

"Niliiweka, Mama, lakini sikuwaambia waache geti wazi."

"Hata kufunga hukuwaambia. Na wewe mwenyewe siku ile ulinipita. Nilikupungia mkono."

"Nilikuwa na haraka."

"Ya kwenda wapi?"

Njia ile inazunguka kilima inarudi barabarani pale pale. Mama anajua, na mimi najua. Nikamnyooshea mkate juu ya seng'enge. Akautazama, akarudi ndani.

Nyuma yangu daktari alikuwa ameshatoa simu. "Mkubwa, pole. Lakini iko nyingine hapa mbele, inaonyesha." Wakageuza baiskeli kumfuata.

Binti alinifutia safari yangu kwa apu. Za wale wengine hakuweza.

Siku hizi anayetangulia ni daktari, simu imefungwa kwa usukani. Juzi alituingiza kwa shamba la mzee mmoja, mbio, na mzee mwenyewe amesimama hapo na jembe. Nilipiga kelele, "Shukeni! Shukeni tusalimie!" Hakuna aliyegeuka. Nikashika breki kidogo. Halafu nikaona wananiacha, nikapita na mimi.