Siku Niliyomwogesha Mdogo Wangu

Mdogo wangu alibisha mlango wangu hapa Riruta Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, akiwa na kiatu mguu mmoja. Jamaa wa kuuza maji kwa mkokoteni kule Kabiria anakoishi, yule aliyezoea kumletea mitungi mpaka mlangoni, alikuwa amemsukuma ndani na kumbaka. Alinieleza yote kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeagiza mboga. Kisha akasema, "Twende polisi."

Nikamwambia, "Ngoja uoge kwanza."

Mimi ni mtu wa usafi, mpaka majirani wa ploti hunitania kwamba hata kuku wangu hunawa kabla ya kudonoa. Mama alitulea hivyo Kitui, kwenye shida ya maji: mtu wa nyumbani akiumia, anapewa maji yote yaliyobaki, na sisi wengine tunalala na vumbi letu. Hayo ndiyo mapenzi niliyofundishwa. Nilichemsha sufuria kubwa, nikamkalisha kwenye karai, nikamsugua mgongo huku nikilia kuliko yeye. Nguo zake nikazifua kwa sabuni ya mche, mara mbili, nikazianika. Isitoshe, kina mama wa kanisa walikuwa waje kwangu saa nane kwa maombi, na sikutaka wamkute katika hali ile. Niliona aibu. Yaani, yeye ndiye aliyeumizwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiona aibu!

Walikuja, wakaambiwa yaliyotokea, wakaomba, wakanywa chai. Mmoja alimuuliza, kwa upole wake wote, "Kwani mama, ulimfungulia wewe mwenyewe?" Nilitamani kumtoa nje na kikombe chake mkononi, lakini nilimwongezea chai.

Tulipita polisi kwanza, na hospitali tuliifikia jioni, mjini. Muuguzi alivuta kiti akakaa usawa na mdogo wangu, akamwambia, "Pole sana. Hujakosea kitu." Tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amemwambia maneno hayo, hata mimi. Ndipo mdogo wangu alipolia. Muuguzi akamsubiri, kisha akatoa mfuko wa khaki kwenye droo.

"Nguo ulizokuwa umevaa ziko wapi? Zinaenda kwa mkemia wa serikali."

"Ziko kwa kamba," nikasema mimi. "Nimezifua."

Aliukunja ule mfuko polepole, akaurudisha alikoutoa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimpima, akampa dawa, daktari akajaza P3, ile fomu ya kuandika majeraha tuliyopewa na polisi. Sehemu kubwa aliandika kwamba hakuna kilichoonekana.

Kesi ilipofika kortini, jamaa alisema hakuwahi kuvuka mlango ule. Maji aliyaacha nje kama kawaida. Mdogo wangu alisimama akaeleza kila kitu, bila kupepesa macho. Wakili wa jamaa akamuuliza kwa nini mtu aliyebakwa aoge, afue, kisha anywe chai na wageni. Nilipoitwa kutoa ushahidi nilisema ni mimi, yote ni mimi, nikapaza sauti mpaka hakimu akaniambia nitulie. Haikusaidia. Hakimu alisema neno la mmoja linapingana na la mwingine, na kwamba shaka ni haki ya mshtakiwa. Jamaa akaachiliwa siku hiyo hiyo.

Mdogo wangu alikuwa amehamia kwangu. Hakunilaumu hata siku moja. Alinishukuru kwa kwenda naye kortini kila mara kesi ilipotajwa, na mimi nikaanza kuamini kwamba pengine nimelipa. Nilimwambia kwamba sasa niko upande wake, liwe liwalo.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunanunua mboga kando ya Naivasha Road, mchana, watu tele. Jamaa akapita na mkokoteni wake, shati limepigwa pasi. Akaniangalia mimi, si yeye.

"Sasa, madam."

"Poa," nikajibu.

Neno lilinitoka lenyewe, jinsi linavyomtoka mtu yeyote wa mji huu akisalimiwa. Akaendelea na safari yake.

"Umemjibu," mdogo wangu akasema.

Aliniwekea mfuko wa sukuma mkononi, akavuka barabara peke yake.