Nilisema Kweli Kuhusu Mguu wa Ndugu Yangu, Lakini Kwa Husuda

Asalamu aleikum admin, nawe na wote wasomao ukurasa huu. Nifichie jina tafadhali, maana hapa mtaani kwetu Bofu twajuana sana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na moja, naishi Likoni na mamangu, na tangu nikiwa na miaka tisa nacheza jimnastiki. Hili ninalotaka kusema sijamwambia mtu, hata mamangu.

Nyumbani tuko wasichana wawili. Mwenzangu ni binti wa khalati yangu, ndugu yake mamangu, nitamwita Zuhura, si jina lake. Khalati alipokwenda Uarabuni kufanya kazi alimwacha kwetu akiwa na miaka sita, tukalala kitanda kimoja, tukala sahani moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga sarakasi pale uani. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikamvusha feri kumpeleka ukumbi wa mazoezi. Miaka ya mwanzo watu wakimwita mdogo wangu. Kisha mambo yakageuka, mimi nikawa dadake Zuhura.

Sijui niieleze vipi. Mimi hufanya mazoezi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Yeye huangalia mara moja tu, akafanya. Akiruka, hata wanaofagia ukumbi husimama. Nilikuwa nikipiga makofi pamoja na wenzangu huku moyoni naomba ateleze. Nimeswali, nimefunga sunna, husuda haikutoka.

Mwaka jana timu yetu ya wanawake ikaitwa kwenye mashindano ya Afrika. Wachezaji watano na mmoja wa akiba. Kocha wetu, mama mpole asiyependa maneno mengi, alisoma jina la Zuhura la kwanza. Langu likaja la mwisho, wa akiba. Maana yake nisafiri nao, nivae nguo za timu, nikae kitini. Mama akapika pilau akaita majirani, na kila aliyeingia alimkumbatia Zuhura kwanza, kisha akanigeukia mimi na kusema, "Na wewe pia, hongera."

Wiki mbili kabla ya safari Zuhura akatua vibaya mazoezini. Hakuna aliyeona ila mimi. Tulipofika nyumbani mguu ukafura, akanishika mkono akilia.

"Dada, usimwambie mtu. Nikiikosa safari hii sijui nitafanyaje."

Nikaapa. Kila asubuhi nikawa namkanda kwa maji moto ya chumvi na kumfunga bendeji, naye ukumbini akisema ni ya kukinga tu.

Kisha zikaja nguo za timu. Majaketi ya wale watano yalikuwa na majina mgongoni. Langu halikuwa na kitu. Zuhura akalivaa lake, akajigeuza mbele ya kioo, akaniuliza kama limemkaa. Nikamwambia limemkaa vizuri sana. Nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa kocha.

Sikusema uongo. Nilimwambia Zuhura ameumia na anaficha. Lakini wallahi sikuwa nikiufikiria mguu wake. Nilikuwa nikilifikiria lile jaketi.

Kocha akamwita, akambonyeza kifundo, Zuhura akapiga kelele. Hospitalini picha ikaonyesha mfupa una ufa. Daktari akasema angetua kwa kishindo mara moja tena, huenda asingeruka tena maishani. Mama akanikumbatia akilia. Khalati akapiga simu kutoka huko aliko, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina. Zuhura alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaja akakaa karibu yangu.

"Dada, umeniokoa," akasema. "Wewe wanipenda kuliko ninavyojipenda mwenyewe."

Nafasi ya kusema ilikuwa ile, nikaiacha ipite.

Nikasafiri, nikacheza mahali pake. Nilipangiwa bimu, ule ubao mwembamba ambao mtu hutembea na kuruka juu yake. Nikayumba mara mbili, sikuanguka. Alama za timu zilipojumlishwa tukawa wa tatu. Tulipovishwa medali wenzangu walilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nauwaza uso wa Zuhura atakapoiona yangu shingoni.

Alikuja kutupokea uwanja wa ndege kwa magongo. Nahodha wetu hata hakusalimia, alivua medali yake akamvisha Zuhura. Wa pili akafanya vivyo hivyo, na wa tatu, mpaka nikabaki mimi. Watu walikuwa wakinitazama, ikabidi nami nivue yangu. Mama akapiga vigelegele. Nami pale pale, nikiwa nimemkumbatia na magongo yake, nikaomba mguu ule usipone.

Lakini umepona, alhamdulillahi. Daktari amemruhusu, na Jumatatu atapanda bimu kwa mara ya kwanza tangu aumie. Ana hofu ambayo zamani hakuwa nayo. Kocha akamuuliza amtaka nani asimame chini amdake akiyumba. Akasema hamtaki mtu mwingine ila dadake.

Sidhani kama nitamwacha aanguke. Lakini hilo neno "sidhani" ndilo linalonitisha. Nikimweleza kwa nini nilikwenda kwa kocha siku ile, nitampoteza, na mama na khalati watajua ile amina niliitikia nikiwa na moyo gani. Nikinyamaza, atapanda kule juu akimwamini mtu ambaye mimi mwenyewe simwamini.

Nyinyi ambao mumewahi kumhusudu mtu mnayempenda, nipeni shauri kabla ya Jumatatu. Nimwambie yote, au nisimame tu pale chini, ninyooshe mikono, nimngojee?