Meza ya Jiko la Nje

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu lilikuwa kunipa chai kupitia dirisha la jiko la nje, akisema, "Kunywa, inapoa." Jioni ile alianguka, hakuamka tena.

Mwaka huu niliamua jiko hilo, hapa Ipagala, liwe karakana yangu ya useremala. Mafiga nikayatoa, misumeno nikaitundika palipokuwa na nyungo zake. Kisha nikamwita fundi anisaidie kupanga.

Aliigonga meza ya saruji iliyokuwa humo, akacheka. "Mzee, ukipiga randa hapa mgongo utakuua. Nani alikujengea meza ya chekechea?"

"Ilipimwa kwa kimo cha mke wangu."

Akavua kofia. "Nisamehe, mzee. Basi tusiivunje. Tuipandishe tofali moja tu."

Nikakubali, tukaagana hadi kesho.

Vitabu vya useremala husisitiza kwamba meza ifuate kimo cha anayeitumia. Havisemi ufanyeje ukikuta imeshamfuata mtu mwingine. Mafiga nilikuwa nimeshayatoa, na hayo yalitosha kujutia.

Asubuhi nilimpigia fundi simu asije. Nikachukua stuli sebuleni, nikaketi mbele ya meza ile, nikaanza kupiga msasa ubao wa kwanza.