Nilitafuta asili ya jina langu la Kiskoti ili niruhusiwe kuoa

Wakuu, salamu kwenu wote. Kwa muda mrefu nimekuwa nasoma tu nyuzi za wengine humu. Leo naleta yangu, na sitaongeza chumvi. Majina ya watu nimebadilisha, surname pekee nimeiacha ilivyo.

Naitwa Munro.

Si jina la utani. Ndilo liko kwa ID, ndilo la marehemu baba, ndilo la babu. Na mimi ni mweusi tu, nimezaliwa Kibera, pale Sarang'ombe. Mathe, yaani mama yangu, ni Mkamba wa Kitui. Shuleni waliniita mzungu wa Kibera hadi nikazoea.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Tulimzika Lang'ata kwa sababu hakuna aliyejua kwao ni wapi. Mathe alichojua ni kwamba babu alikuwa mpishi wa mzungu fulani huko Riruta, na kwamba babu hakupenda kuulizwa kwao.

Sasa tuje miaka ya tisini. Nilikuwa nachora mabango ya maduka. Siku moja nikaitwa Kawangware, mtaa wa Gatina, kuchora ukuta wa saluni. Mwenye saluni alikuwa na mpwa wake, Akinyi. Kazi ya siku moja niliivuta ikawa wiki nzima.

Tulipendana kweli wakuu. Mambo yalipoiva nikaenda kumwona baba yake, Mzee Ogola, seremala wa vitanda hapo hapo Gatina. Alinipokea vizuri, chai ikaletwa. Kisha akauliza:

"Munro ni watu wa wapi?"

Nikasema Kibera. Akacheka kidogo.

Akanieleza bila hasira kwamba kwao Wajaluo msichana haolewi na mtu ambaye ukoo wake haujulikani, kwa sababu unaweza kumwoza binti yako kwa ndugu yake. Akasema, "Nenda utafute. Ukipata, rudi. Usipopata, rudi pia uniambie."

(Najua kuna watakaosema huo ni ushamba. Ngojeni kwanza.)

Nilianzia kwa jina lenyewe. Kanisani kwetu Kibera kulikuwa na mzee Mskoti, mwalimu mstaafu, alikuwa anafundisha Biblia siku za Jumapili. Nilipomwambia surname yangu alifurahi kama amekutana na jirani. Akanieleza kwamba Munro ni clan ya kaskazini mwa Scotland, sehemu za milima, na wazee wao husimulia kwamba walivuka maji kutoka Ireland.

Nikamuuliza kama basi mimi nina damu ya huko.

Akasema hata kwao, si kila Munro alizaliwa na Munro. Zamani mtu akihamia kwenye ardhi ya chifu na kutaka ulinzi wake, alichukua jina lake. "Jina hili linakuonyesha babu yako aliishi kwa nani," akaniambia. "Aliyemzaa ni nani, itabidi uulize hapa hapa Nairobi."

Nikaenda Riruta. Niliuliza wazee wa kanisa, nikauliza wenye maduka, hadi mama mmoja akanielekeza kwa Cucu Wairimu, bibi wa Kikuyu aliyewahi kuwa yaya katika nyumba ya huyo mzungu. Nilimkuta nje anachambua maharagwe. Nikajitambulisha.

"Una masikio ya Owuor," akasema.

"Owuor ni nani, cucu?"

"Babu yako. Kwani hukuambiwa jina lake?"

Wakuu, nilikaa chini bila kukaribishwa.

Akanisimulia. Owuor alitoka upande wa ziwa akiwa kijana. Baba yao alipofariki, yeye na kaka yake walikosana juu ya mali, na kaka yake akamwambia mbele ya watu kwamba hakuwa mtoto wa boma lile. Akaondoka siku hiyo, akaapa hatalitumia tena jina la baba yake. Alipokuja kuandikishwa kazi akaulizwa jina la baba, akakataa kulitaja. Mzungu Munro akasema, basi andika langu.

Lakini jikoni ilikuwa mambo mengine. Akiwa anasonga ugali, Owuor alijisifu kwa sauti kama Wajaluo wanavyofanya, akitaja baba zake mmoja baada ya mwingine. Cucu aliyasikia majina hayo miaka mingi hadi yakamkaa kichwani. Akanitajia, kwa Kijaluo chenye lafudhi ya Kikuyu: Owuor wuod Okech, wuod Rading'. Yaani mwana wa Okech, mwana wa Rading'. Akamalizia na jina la ukoo, ambalo sitaliandika hapa.

Nilitoka pale nimejaa furaha. Nina ukoo, nina mke.

Nilimkuta Mzee Ogola anapiga randa mbao. Akinyi alikuwa amemletea chai. Nikasimama mbele yao nikataja yale majina kama mtoto anayekariri shairi.

Mzee akaacha randa. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Akakaa kwenye fremu ya kitanda ambacho hakijaisha.

"Okech ni babu yangu," akasema. "Owuor ni mdogo wa baba yangu. Na aliyemtukana ni baba yangu. Alikufa akimwita."

Akinyi alielewa kabla yangu. Aliweka kikombe chini, akaenda nyuma ya nyumba. Mimi bado nilikuwa natabasamu.

Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akaniita nyathiwa, mtoto wetu. "Mke siwezi kukupa," akasema. "Lakini nyumbani ninakurudisha."

Siku chache baadaye Akinyi aliniambia neno moja tu: "Afadhali ungesema hukupata."

Nilikwenda na mzee huko ziwani. Nilionyeshwa mahali pa kujenga. Wazee wakalitaja jina la babu na la baba yangu mbele ya watu wote, na mathe, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kijaluo, alilia kuliko siku ya mazishi.

Miaka ilipita, Akinyi akapata mtu. Wageni walipokuja kuleta mahari, waliuliza kaka zake ni kina nani. Mzee Ogola alinitaja wa kwanza. Nikasimama, nikawasalimia wageni, nikakaa.

Nilichojifunza: ukienda kutafuta ukweli, usiende na jibu lako mfukoni. Na wazee wenu waulizeni mapema, wakiwa bado wanasonga ugali.

Jina sijabadilisha. Watoto wangu ni Munro. Kama humu kuna mwenye surname ambayo hajui ilikotoka, aandike hapa chini. Na wewe ungekuwa mimi, ungerudi kwa mzee kumwambia?