Sufuria za Mama Daforoza Gazetini

Nilitumwa Kibondo kutafuta mkuki. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa mwandishi wa gazeti moja la Dar es Salaam. Tulikuwa tumeandika kwamba wanakijiji wa mpakani wamewatimua wavamizi wenye bunduki "kwa mikuki na mishale". Habari hiyo tuliipata kwa simu, kwa mtu aliyeisikia kwa mtu. Gazeti liliisha lote mitaani, na mhariri wangu akanogewa.

"Nenda ukaniletee sura ya shujaa," akaniambia. "Ashike mkuki. Na asicheke."

Treni ilinifikisha Kigoma mgongo ukiwa umekufa ganzi. Nikadandia lori la chumvi hadi Kasulu, kwa Mzee Salumu, muuza vitenge na majembe mwenye asili ya Tanga. Gazeti letu alikuwa nalo. Aliwasomea wateja kwa sauti, na kila alipofika kwenye mishale walishika mbavu.

"Kwani kuna uongo, mzee?" nikauliza, nimenuna kidogo.

"Mimi sikuwepo. Ila watu hawa nimewauzia majembe miaka yote. Mshale hajaniulizia mtu."

Asubuhi yake nilisafiri juu ya magunia ya maharage, nikashuka Kibondo nikiwa na rangi moja na barabara. Nikakodi baiskeli, nikapita Kitahana, nikapanda vilima kwa kuisukuma na kuviteremka kwa kumwomba Mungu.

Kijijini nilipokewa na Mama Daforoza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Mwakeye," nikamwamkia, na Kiha changu kikaishia hapo.

Alinipa ugali wa muhogo kabla ya kuniuliza jina. Mumewe, Zabroni, mfuga nyuki, alinawa akakaa nami.

"Mama, wale wavamizi mliwapigaje?"

"Nani kawapiga? Tuliwapa nyuki."

Akanieleza. Mara ya kwanza watu wale walivuka mpaka wakachukua mbuzi, wakachoma nyumba ya jirani yake na kumpiga risasi ya mguu. Kijiji kizima kikafunga mizigo kihame.

"Mimi nilikimbia Burundi na mtoto mgongoni," akasema. "Nikawaambia, safari hii sikimbii. Miguu imekataa."

Basi wakapanga. Wanaume wakatundika mizinga ya Zabroni kwenye miti ya njiani, kila mmoja na kamba yake. Wanawake wakajificha migombani na sufuria. Wavamizi waliporudi alfajiri, Mama Daforoza akagonga yake, wengine wakaitikia, kamba zikakatwa na mizinga ikawaangukia.

"Bunduki waliacha," akasema Zabroni. "Mmoja aliacha na suruali. Nyuki hawaogopi risasi."

Nilicheka hadi nikakumbuka kazi yangu. Nikaomba mkuki. Hapakuwepo. Mtu mmoja akajitolea mpini wa jembe, nikamsimamisha Zabroni nao chini ya mti.

"Wenzako wana bunduki, weye unawasubiri na kijiti!" Mama Daforoza akamfokea. "Mana yanje, Mungu wangu! Mwandishi, tupige wote, na sufuria zetu."

Wakapanga mstari, wamenyooka kama askari, sufuria mkononi. Nilirudi nyuma kutafuta picha nzuri zaidi, nikagonga mzinga. Picha nilipata moja tu. Waliobaki kijijini wakinicheka ni wao. Mimi nilikuwa tayari Kitahana, bila baiskeli.

Nilirudi Dar na jicho moja likiwa limezibwa na uvimbe wa nyuki, nikaandika kila kitu: nyumba iliyochomwa, mpango, kamba, sufuria. Mhariri alisoma akitikisa kichwa.

"Wanawake? Nani ataamini?"

Kesho yake habari ilitoka ukurasa wa ndani, na kichwa chake: NYUKI WAJERUHI WAGENI KIBONDO. Wavamizi walikuwa wamekuwa wageni, na wanakijiji hawakutajwa kabisa. Chini ya picha yangu ya mashujaa paliandikwa: "Akina mama wa Kibondo wakisubiri mgao wa chakula."

Nikajifunza kwamba watu wanaweza kumshinda mwenye bunduki wakashindwa na anayeandika vichwa vya habari. Tangu hapo kila habari ya mapigano nikiisoma, huuliza kwanza aliyeiandika alikuwa wapi.

Baada ya majuma kadhaa Mzee Salumu alinipigia simu kutoka Kasulu. Gazeti lilikuwa limefika kijijini.

"Mama Daforoza anakusalimu," akasema, akijizuia kucheka. "Anasema wamejipanga na sufuria toka asubuhi. Huo mgao mnauleta lini?"