Waya wa Kompyuta Niliyoichinja

Laiti ningesema sijui, yakaisha. Binti yangu alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba, waya wa hii kadi mpya haufai. Utaweza kunisaidia, ama nimsubiri fundi?" Nikamjibu, "Lete hapa."

Alikuwa akitengeneza video za harusi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Mjambere. Kompyuta ilikuwa imeanza kukwama, akanunua kadi kubwa ya picha, ya mitumba. Kadi ile ilidai waya wake wa umeme, wa pini nane, na uliokuwamo ulikuwa wa pini sita. Fundi aliahidi kuleta unaofaa Jumatatu. Lakini wenye harusi walitaka video yao Jumamosi, na shangazi wa bibi harusi alikuwa akipiga simu tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama. Bado kidogo tu," binti yangu alimwambia simuni.

"Hiyo bado kidogo yako imeota ndevu sasa!" Sauti yake niliisikia hadi uani.

Nilishindwa kukaa. Naingia, natoka, nashika bisibisi, naiweka. Nilikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha saruji, na desturi yetu ilikuwa moja: mashine ikifa tunaichinja, viungo vyake vinaenda kwa iliyo hai. Hakuna aliyesubiri spea. Na chini ya kitanda changu palikuwa na kompyuta mbovu.

Nikaichinja. Nyaya zake zilichomoka pande zote mbili, kama za kompyuta ya binti yangu, tena zilikuwa ndefu na imara zaidi. Nikachukua wa kadi. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshakolea kazi, nikabadilisha hata wa diski iliyohifadhi video zake, ingawa uliokuwapo haukuwa na kosa lolote.

"Baba, hizo ni za pawa saplai nyingine," alisema, akigusa lile sanduku linalogawa umeme ndani ya kompyuta. "Tungoje Jumatatu."

"Zimeingia zenyewe. Umeniona nikilazimisha?"

"Hii si pampu ya saruji, Baba."

"Umeme ni umeme. Washa."

Aliniangalia, kisha akawasha, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Palitoka mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika, na harufu niliyoitambua kabla sijaona moshi. Fundi alipokuja alitueleza kwamba nyaya hizo hufanana kwa sura tu. Upande wa sanduku, kila mtengenezaji hupanga pini zake anavyotaka. Kadi iliungua. Diski nayo iliungua, na harusi nzima ilikuwa humo. Kwenye kamera binti yangu alikuwa ameshaifuta ili apige kazi nyingine.

Shangazi yule alikuja mwenyewe, akasimama kibarazani kwetu akipaza sauti. "Nani aliyeharibu?"

"Ni mimi, mama," binti yangu akasema.

Nilikuwa nimeketi pale pale, bisibisi ingali mfukoni. Nikanyamaza.

Maneno yalienea, na harusi zikaacha kuja. Sasa ameajiriwa studio ya mtu mwingine, amepanga chumba Likoni. Jumapili hunipigia kuuliza kama nimekula. Ubishi wangu ulimnyang'anya kazi aliyoijenga mwenyewe. Kunyamaza kwangu kulimtoa nyumbani, nami naishi peke yangu.